Kitufe Kilichoandikwa "Si Sasa"

Gaude mwanangu,

Ukiikuta hii juu ya nguo zako utacheka, kwamba mama amemwandikia barua mtu aliyelala chumba cha pili. Nakusikia hata unavyojigeuza kitandani. Lakini tangu yale mambo ya kwenye simu, mimi na wewe tumebaki na "shikamoo mama" na "marahaba", kisha kila mtu anashika lake, na kesho alfajiri basi la Mbeya linakuchukua. Wiki nzima nimejaribu kukuambia kwa mdomo. Nikifungua mdomo inatoka habari ya sweta.

Basi za sweta tuziache. Za kula kwa wakati, za kufunga begi, za kumeza dawa, zote umezisikia mpaka umezichoka, na baba yako anasema nikiendelea nitaanza kuziimba usingizini. Yeye kalala. Alirudi kutoka shambani Pito na udongo miguuni, akala, akaniambia, "Leokadia, mtoto anaenda kusomea ualimu, haendi vitani," akavuta blanketi. Sasa anakoroma. Mimi ndiye yule mama wa kuamka kwenda kushika komeo la mlango nililolifunga mwenyewe, unanijua. Naogopa kila kitu, na safari hii naogopa kuliko kawaida yangu.

Nataka nikueleze ilivyokuwa habari ya ile picha. Hukunipa nafasi ya kueleza, na nafasi yenyewe sikuiomba vizuri, nilikuwa napiga kelele.

Unakumbuka siku tuliyokuwa tunapepeta maharage uani. Ulikuwa na ungo mkononi, unanicheka kwamba napepeta kama mtu anayefukuza nzi, na katikati ya kicheko ungo ukadondoka, na wewe ukafuata. Ilikuwa imepita miaka hatujauona ugonjwa huo. Dawa zilikuwa zimeshika, tulishaanza kulitaja neno kifafa kama jina la jirani aliyehama. Nilikugeuza ubavu kama tulivyofundishwa, nikakaa chini nawe kwenye maganda ya maharage mpaka ulipotulia. Baadaye ulilala kwenye mkeka, nikakufunika kanga yangu ile ya zambarau, mdomo bado una povu pembeni. Ndipo nikachukua simu nikakupiga picha.

Niliipiga kwa ajili ya daktari. Mwenyewe alisema siku ikitokea tena tumletee picha au video aone. Hadi hapo sina kosa. Kosa langu ni kilichofuata, kwamba nilikuwa peke yangu uani, baba yako yuko shambani, na nilitaka mtu. Nikafungua ule mtandao ninaowekea picha za nguo ninazoshona. Humo nilikuwa na kile kichumba cha ndugu watano tu, mama mdogo wako Skola na wengine wanne wa tumbo moja nasi, wengine wote hawaoni. Nikaiweka picha humo nikaandika, "Naomba mumkumbuke Gaude katika sala. Kifafa kimemrudia leo. Msiseme kwa watu."

Msiseme kwa watu. Na hayo maneno yenyewe watu wakaja kuyasoma.

Najua kwa nini tulikuwa tunaficha, hukuhitaji kunikumbusha ulivyonikumbusha. Ni mimi niliyekwenda shuleni ulipokuwa darasa la tatu nikakukuta umekalia benchi peke yako, wenzako wamebanana kwenye mabenchi mengine kama viazi kwenye gunia, kwa sababu mmoja kasikia nyumbani kwao kwamba povu la mtu aliyeanguka linaambukiza. Ni mimi niliyeona mgeni wetu akikiangalia kikombe cha chai, akisema ameshiba. Tulipohamia Kizwite nilimwambia baba yako kwamba hapa hatumwambii mtu. Na hatukumwambia mtu. Ulisoma, ukaimba kwaya, ukawa Gaude wa sauti ya pili, hakuna aliyejua zaidi. Ulinzi wote ule nikauvunja kwa kidole.

Lakini sikiliza ulivyovunjika, maana hapo ndipo wewe hukunisadiki.

Unaijua hadithi ya mshenga aliyekuja kumposa mama mdogo Skola, bibi yako anaisimulia kila Krismasi. Mshenga alitoka Milepa, kaupanda mlima kutoka bondeni na kofia mkononi, jasho linamtiririka. Bibi akamkaribisha, akampa togwa ya ulezi, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema, "Tumesikia, baba. Ila Skola bado hajamaliza kupalilia ulezi." Na mwezi huo ulezi ulishavunwa uko ghalani, mshenga amekaa akiutazama. Akamaliza togwa yake, akashukuru, akaondoka. Hakurudi. Hakutuma hata mtu kuuliza kama palizi imekwisha.

Kwetu ndivyo tunavyokataa. Hapana kavu tunamwambia mbwa aliyeingiza mdomo kwenye sufuria. Mtu tunamwambia bado, tunamwambia tutaona, tunamwambia si sasa, na mtu anaelewa, kwa sababu naye kwao ndivyo wanavyosema. Nimekua hivyo, nimeolewa hivyo, na wateja wanaotaka niwashonee kwa mkopo ndivyo ninavyowajibu mpaka leo.

Basi ule mtandao ulikuwa na tabia ya kuniuliza. Nikifungua asubuhi, kabla sijaona chochote, kinajitokeza kikaratasi katikati ya kioo: ungependa ukurasa wako uwe wazi ili wateja wengi zaidi wakupate? Chini vitufe viwili. Kimoja "Sawa". Cha pili "Si sasa". Nikabonyeza "Si sasa", na rohoni nikajua nimekataa. Kitufe cha hapana hakikuwepo, wala sikukitafuta. Nilifikiri na wao wamelelewa, wanajua kuuliza kwa adabu.

Baada ya siku kadhaa kikaja tena. Si sasa. Kikaja tena. Nikasema huyu mshenga hana masikio, nikabonyeza si sasa, nikaendelea na pindo zangu. Wakati mwingine nilikuwa nabonyeza huku nacheka. Ninakuambia ukweli, Gaude, ningebonyeza hivyo mpaka nazeeka na nisingehisi hatari yoyote, maana mtu aliyekataliwa mara zote hizo, kwa akili yangu mimi, keshaelewa.

Kumbe wao waliisoma kama ilivyoandikwa. Si sasa, yaani siyo leo, siku nyingine njoo. Na siku nyingine ilipofika hawakuuliza tena. Ikaja apdeti, simu ikajizima na kujiwasha yenyewe wakati mimi niko kwenye cherehani, na ilipowaka ukurasa wangu ulikuwa wazi. Siyo zile picha za nguo peke yake. Na kile kichumba cha watano pia, na vyote vya nyuma vilivyokuwemo, na wewe umelala kwenye mkeka chini ya kanga ya zambarau. Sikuwa nimeifuta picha. Nilishaisahau.

Jumapili ile ulirudi misa haijaisha. Nilikuona kupitia dirishani unakuja mbio na sare ya kwaya, ile niliyoishona mwenyewe, nikafikiri umechanika pindo. Uliingia ukasimama katikati ya sebule ukaniambia yule mwenzako wa sauti ya pili amekupa daftari la nyimbo kwa vidole viwili. Ameshika kwa ncha, ameliachia kabla hujalishika vizuri, likaanguka. Na mwalimu wa kwaya kakuita pembeni, kwa upole kabisa, akakuambia, "Pumzika kwanza, binti, usije ukatuangukia mbele ya altare." Ukamwuliza nani kakwambia. Akasema, "Si mama yako ameweka?"

Si mama yako ameweka. Sijui kama kuna maneno yamewahi kuniumiza hivyo.

Niliapa mbele yako kwamba sikuweka. Wewe ukachukua simu yangu ukanionyesha, picha hiyo, jina langu hilo juu yake, na chini watu nisiowajua wameandika pole, wengine wameandika dawa za kienyeji, mmoja kaandika kitu kibaya ambacho sitakirudia. Nikaapa tena. Nilionekana mwongo, najua. Mtu anayeapa huku ushahidi uko mkononi mwa mwenzake anaonekana mwongo hata akisema kweli.

Mama mdogo wako alipanda bodaboda kutoka Pito mchana huohuo. Tukakaa wawili kwenye kitanda changu tunafukua mipangilio ya simu, ukurasa ndani ya ukurasa, mpaka tukafika palipoandikwa "Wanaoweza kuona", na mbele yake, "Kila mtu". Skola akaniuliza, "Dada, hukugusa hapa?" Nikamwambia hapo hata sikupajua kama papo. Tukaendelea kutafuta. Katikati ya matangazo ya bando na salamu za sikukuu tukakuta ujumbe mfupi uliokuja siku ya ile apdeti: "Tumeboresha mipangilio yako ili watu wengi zaidi wakufikie."

Skola akausoma kwa sauti mara ya pili, polepole, kama mtu anayesoma wosia wa tajiri. "Wameboresha," akasema. "Ona wema wao." Akacheka, mimi nikalia.

Niliifuta picha hapohapo, lakini ulishaniambia kwamba watu wamepiga skrinishoti na inatembea. Nikaandika malalamiko pale palipoandikwa "Tuambie tatizo". Niliandika kirefu, kwa herufi kubwa, nikaeleza habari ya si sasa na kwamba kwetu si sasa maana yake nini. Jibu likaja kabla sijaweka simu chini: "Asante kwa maoni yako. Maoni yako hutusaidia kuboresha huduma." Kuboresha tena! Nilitaka mtu wa kumfokea, Gaude. Hata yule muuza vitambaa wa sokoni ukimfokea anakunja uso, anakujibu, unajua umefika kwa mtu. Huku nilikuwa nafokea kioo, na kioo kinanishukuru.

Jioni nikakuletea simu chumbani, na ule ujumbe wao nimeufungua, nikakuonyesha kama mshtakiwa aliyepata hati ya kumtoa jela. Nikasema, "Umeona? Siyo mimi. Wamebadilisha wao bila kuniuliza." Ulikuwa umelala umeelekea ukutani. Ukageuka, ukausoma wote. Ukasema kwa sauti ya chini, "Nimeona, mama. Wao hawakukuuliza wewe. Na wewe ulipoiweka humo kwa hao watano, ulimwuliza nani?"

Nikakuambia nilikuwa na hofu, ulikuwa umelala, nisingeweza kukuamsha. Ukasema, "Nilipoamka ulikuwa na siku zote za kuniuliza." Ukageukia ukuta.

Nilitoka nimekasirika. Nilikasirika kweli, nilimwambia baba yako mtoto wako hana shukrani. Nilijitetea kichwani wiki nzima nikikanyaga cherehani, na kadiri nilivyokanyaga ndivyo nilivyomkumbuka Mama Noela.

Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unakaa chini ya meza ya cherehani unaokota vipande, huenda humkumbuki. Alileta kitenge kizuri, cha kijani na dhahabu, cha sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa. Akataka gauni la mikono mirefu, iliyonyooka, mpaka kwenye kifundo cha mkono. Wakati ule mtindo ulikuwa mikono mifupi ya kuvimba begani, kila mwanamke mjini anaitaka, na mimi niliona huruma kwamba mama mzuri vile anataka kuvaa kama sista. Nikamkatia mifupi. Alipokuja kuchukua nikamfungulia gauni kwa mbwembwe zote, nikamwambia, "Mama Noela, nimekuboreshea!"

Neno lenyewe hilo, Gaude. Nililitumia mimi kabla yao.

Akalishika gauni, akaliangalia. Kisha akapandisha mkono wa blauzi aliyokuwa amevaa, akanionyesha kovu la moto lililoanzia kiwikoni mpaka begani, ngozi imekunjamana. Hakunigombeza. Aliushusha mkono, akafunga kifungo, akauliza kama kipande cha kitenge kimebaki. Kilikuwa hakitoshi, na sokoni cha rangi ile hakikuwepo tena. Kwenye sherehe ya mwanae alivaa sweta juu ya gauni, na jua kali. Nilikuwepo, nilimwona anavyotokwa na jasho akipokea zawadi, na kila akipita karibu yangu alinitabasamia, jambo ambalo lilinichoma zaidi.

Nilimtakia mema. Ndiyo nilikuwa nasema kila nikikumbuka, nilimtakia mema. Na hata wewe nilikutakia mema uani pale, nilitaka sala za ndugu watano. Sasa nimechoka kujitetea kwa hilo. Picha ilikuwa ya uso wako, na ugonjwa ni wako, na mimi nikaugawa kama pilipili ya bustanini. Wale wa kwenye mtandao walichofanya ni kuugawa mbali zaidi. Nisamehe, mwanangu. Jumapili ile nilikuwa nataka usadiki kwamba siyo mimi, na muda wote huo sikuwa nimekuomba msamaha kwa lile lililokuwa langu.

Siku hizi, kabla sijawasha jiko, nafungua mipangilio. Baba yako ananicheka kwamba wenzangu wanaanza siku kwa sala. Nimekuta wamebadilisha mengine tena, madogo madogo: nani anaweza kuniingiza kwenye kundi, nani aone kama niko hewani, picha zangu zitumike kwa kitu gani sijui, kimeandikwa kwa maneno ya mwanasheria. Nikiyarudisha yanakaa, siku nyingine nakuta yamegeuka. Ningeufuta mtandao wote, ila wateja wa sare wananipata humo, na ada yako imetoka humo. Kwa hiyo ninaishi na mtu nisiyemwamini ndani ya nyumba, ninamhesabia vijiko.

Juu ya simu yako wewe sina la kukuamuru, unaijua kunizidi. Ila ukifunga kitu humo, usitembee ukijua kimefungwa. Rudi ukaangalie. Na kama ni kitu cha kukuumiza, usikiweke kabisa, hata kwa watu watano unaowapenda. Ndugu ni wako, sawa, lakini chumba umepangishwa, na mwenye nyumba ana funguo zake.

Sasa nakuja kwenye linaloninyima usingizi. Nimelizunguka mpaka hapa kwa sababu ya woga.

Wiki iliyopita ulikuwa unakunja nguo nikakuuliza kwamba huko hosteli kutakuwa na matroni, je, nimwambie habari ya kuanguka? Hukuniangalia. Ulikuwa unakunja ile sketi ya bluu. Ukasema, "Tutaona, mama."

Jana matroni akapiga. Namba yangu kaitoa kwenye karatasi zako za kujiunga. Mama mchangamfu, sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka mbali. Nilikuwa kwenye cherehani, mguu uko juu ya pedali. Tukasalimiana, akauliza baridi ya huko kwetu, kisha akasema, "Nawapigia wazazi wote wa wapya, mama. Gaudensia ana tatizo lolote la kiafya ninalopaswa kulijua? Pumu, vidonda vya tumbo, chochote kile?"

Nilibaki nimeikazia macho sindano mpaka akasema, "Haloo? Haloo, mama, unanisikia?"

Mdomoni nilikuwa nalo. Lilikuwa limefika hapa kwenye meno, neno moja tu, na ningelala. Angekuweka kitanda cha chini, angekuweka chumba cha karibu na wake, usiku angepita na tochi. Na usingejua. Nilikwisha kujiambia kwamba usingejua, na kwamba ukijua utakuwa mzima, na afadhali mtoto mzima aliyenuna. Hivyo hasa ndivyo nilivyojiambia. Halafu nikakuona na ile sketi ya bluu, unasema tutaona. Nikamjua aliyesema tutaona. Nimekulea mimi. Bibi yako angekuwepo pale angeelewa, mshenga wa Milepa angeelewa.

Nikasema, "Nakusikia. Akifika muulize mwenyewe. Ni mtu mzima."

Akauliza, "Kwa hiyo kipo kitu?"

"Sijasema kipo, sijasema hakipo. Muulize mwenyewe."

Akacheka. "Haya, mama. Wenzako wananieleza mpaka mtoto alianza kutembea lini."

Nikamuaga vizuri. Nikakata simu, nikakaa chini kwenye vipande vya vitambaa. Nilipompigia mama mdogo wako alinifokea mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. "Dada, umerukwa na akili? Akidondoka bafuni? Akidondoka na maji ya moto mkononi? Utamwambia nani kwamba ulikuwa unaheshimu tutaona yake?" Ana haki, Gaude. Kila alilosema nimelifikiria kabla hajalisema, na mengine mabaya zaidi. Inawezekana nimefanya jambo la heshima, na inawezekana nimefanya ujinga utakaoniua. Usiku huu sijui ni lipi, na hakuna wa kuniambia. Namba ya matroni ninayo. Tangu jioni nimeifungua na kuifunga, nimemwandikia ujumbe nikaufuta, nikauandika tena, nikaufuta.

Ndiyo sababu barua nimeiweka juu ya nguo, uisome garini kabla hujamkuta getini. Atakuuliza. Ujue kwamba anachokijua ni jina lako tu na sauti ya mama mmoja wa Sumbawanga mwenye wasiwasi. Cha kumwambia au kutomwambia kiko kwako, hakuna aliyekutangulia.

Ukinyamaza sitampigia. Nimeiandika hivyo ili nisiweze kuikana baadaye, maana najijua. Lakini sijui kujifanya mtu mwenye moyo mkubwa. Nakuomba. Nakuomba mtu mmoja, Gaude. Si lazima awe matroni. Awe yule wa kitanda cha pili, awe yeyote utakayemwona anacheka vizuri na hashiki vitu kwa vidole viwili. Umchague wewe, umwambie wewe, siku utakayoiona inafaa, kwa maneno yako siyo yangu. Mwambie siku hiyo asikubane, asikutie kijiko mdomoni, akugeuze ubavu tu na akae hapo hapo mpaka utakapofumbua macho. Ni kazi ndogo. Mimi nimeifanya tangu una miaka minne na sijawahi kuambukizwa kitu isipokuwa woga.

Na akikukimbia huyo, yupo mwingine. Najua ni rahisi kwangu kusema. Daftari la nyimbo halikuachiwa mbele yangu.

Nimesikia umeamka, umekunywa maji, umerudi. Nimezima taa haraka usije ukaona mwanga chini ya mlango ukajua sijalala, kama vile hunijui. Nimeiwasha tena.

Kuanzia kesho simu yangu italala karibu na sikio, sauti juu mpaka mwisho, baba yako akitaka anune. Namba yoyote ya Mbeya nisiyoijua ikitokea, sijui nitaipokea kwa mikono ipi. Nawaza mtu mwingine anaanza, "Mama Gaudensia?" kwa sauti ile ya taratibu, na hapo hapo nakatisha wazo, nashika komeo, nahesabu pindo. Kwa hiyo nipigie wewe. Nipigie kunigombeza juu ya picha, maana hujamaliza, na mimi nataka kuyasikia yote yaliyobaki. Nipigie kuniambia chakula kibaya. Ukianguka ukaamka, nipigie kabla hujajifuta vumbi, nisikie unavyohema. Habari zako sitaki kuzipata kwa mtu, wala kuzisoma mahali. Ikiita, mwanangu, iwe ni wewe.

Mama yako,
Leokadia